Tupeane uzoefu: kumlea kifaranga wa mwituni pamoja na wa kufugwa

Mwanzisha mada:
Naomba waliowahi kulea kifaranga aliyekamatwa vichakani, namaanisha uzao wa kuku walioponyoka mikononi mwa watu na sasa wanajilea wenyewe, watueleze alikamatwa akiwa na umri gani na aliishije na wenzake wa bandani.

Wangu nilimkuta peke yake kichakani baada ya mama na nduguze kutimka. Kijino cheupe cha kuvunjia ganda kilikuwa bado kwenye ncha ya mdomo wake, kwa hiyo nilikisia kuwa hakuwa na zaidi ya siku tatu. Nilimtenga kwa kuhofia kuingiza mdondo au utitiri bandani, lakini alilia mfululizo bila kugusa chakula, hata nikaona kuwa upweke utamuua kabla ya maradhi. Nikampa mwenzake mmoja tu wa kufugwa, ili likitokea la kutokea liishie kwa hao wawili, nikawaweka kwenye boksi lenye joto la nyuzi 35, ambalo nililipunguza kwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Yule wa mwituni alijifunza kula kwa kumwiga mwenzake. Mwenzake naye akajifunza kutulia kama jiwe kila kivuli kilipopita juu ya boksi. Niliwaunganisha na kundi baada ya siku 30. Sasa ni tembe, anakula kiganjani mwangu, ila kushikwa hataki kabisa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mwenzangu ulimwahi. Wangu alikuwa na wiki mbili hivi, mabawa yamekwisha kuota manyoya, nami nikamwingiza usiku chini ya koo aliyekuwa akilea, nikiamini kwamba kukipambazuka atamhesabu kuwa wake. Alfajiri nilimkuta amejibanza pembeni, utosi umechunika kwa kudonolewa. Nikamhamishia nyuma ya wavu ili waonane bila kufikiana, na baada ya wiki tatu kundi lilimzoea. Mimi hakunizoea. Kila jioni alirukia paa la banda, kutoka hapo akapanda mtini kulala, na huko mtini ndiko alikonipotelea.

Mchangiaji wa pili:
Sote tunahofia kwamba wa mwituni ndiye atakayeleta maradhi, lakini kwangu ilikuwa kinyume. Niliyemwokota alianza kuhara damu wiki moja baada ya kumchanganya na wengine. Daktari wa mifugo alipima kinyesi akakuta koksidia (vimelea vya utumbo), ilhali vifaranga wangu, waliokulia juu ya matandazo yale yale tangu kutotolewa, walikuwa wazima, kwa kuwa miili yao ilikwisha kuizoea kidogo kidogo. Alipona kwa dawa ya kutiwa kwenye maji, ingawa alidumaa.

Mwanzisha mada:
Hilo la matandazo sikuwa nimeliwaza. Boksi langu lilikuwa na maranda mapya, na muda wote ule nilidhani ninawakinga wengine dhidi yake.