Nakala pana na nakala ya 4:3 kwenye filamu moja: nikate ipi?

pwani_wete
Assalaam alaykum. Niko Wete, naihariri upya filamu moja ya miaka ya 1990 ambayo naipenda sana. Naondoa yanayoichelewesha hadithi na kurudisha sini zilizoachwa. Nakala ya diski ni pana, 2.39:1, yaani upana ni mara 2.39 ya kimo. Nyengine ni ya kanda, 4:3, na sini ninazozitaka zimo humo tu. Tutaiangalia ukutani kwa projekta ya 16:9. Nikate zote ziwe 16:9, zote ziwe 2.39, au kila moja ibaki ilivyo?

mwana_vuga
Wa alaykum salaam yakhe. 16:9 zote, umalize. Ukuta unajaa na ile mikanda myeusi inaondoka. Watu wakiiona huhisi wamepunjwa.

fundi_fremu
Kaka mwana_vuga, hivyo ndivyo watakavyopunjwa kweli. Kutoka 2.39 kwenda 16:9 unatupa robo ya upana. Filamu pana humweka mtu mmoja ukingo wa kushoto na mwenzake wa kulia, na ule uwazi baina yao ndio ugomvi wenyewe. Kata katikati, unabaki na meza na bega la kila mmoja. Stesheni za TV zilifanya hivyo miaka mingi, dirisha la 4:3 likisogezwa huku na huku kumfuata anayesema. Sisi tuliokulia na TVZ tulizoea, lakini kuzoea si kupenda.

bi_fremu_nzima
Kabla ya kuamua, jueni hiyo 4:3 imetoka wapi. Pwani_wete, chukua fremu ile ile kwenye nakala zote mbili uziweke sambamba. Ukiona 4:3 ina dari zaidi juu na sakafu zaidi chini, basi kamera ilipiga fremu nzima na sinema zikafunika juu na chini. Titanic ya 1997 ilipigwa kwa Super 35, upigaji wa fremu nzima ya filamu ya 35mm, namna hiyo: sinema waliiona 2.39, na diski ya 3D ya 2012 ikatoka 16:9. Nakala ya aina hiyo ukiikata iwe 2.39 hupotezi alichokipanga mwongozaji, unakirudisha. Ila usikate katikati kwa mkupuo, panga kimo cha kila shoti kwa macho ya wahusika.

Lakini kama 4:3 imepoteza watu wa pembeni, hiyo imeshakatwa. Kuikata tena ni kuiua.

Na angalia shoti za kompyuta. Filamu za Super 35 mara nyingi shoti hizo zilitengenezwa kwa upana wa sinema tu, kwa hiyo ndani ya kanda moja ya 4:3 unaweza kukuta hii imefunguliwa na ile imekatwa ubavu.

fundi_fremu
Ahsante dada, hilo la shoti za kompyuta wengi hawalijui. Niongeze ubora: kanda ya PAL, mfumo wa zamani wa TV, ina mistari 576 ya picha. Ukiikata iwe 2.39 inabaki kama 320, wakati diski ya mistari 1080, ukitoa mikanda myeusi, ina 800 na kidogo. Sini zitaonekana laini, usizinoe kupita kiasi.

mwana_vuga
Haya, nimekubali. Na mikanda ukutani?

bi_fremu_nzima
Kuza picha ya projekta mpaka ile pana ienee ukuta, mikanda imwagike nje. Tundika kaniki juu na chini, itameza mwanga wote.

pwani_wete
Nimeziweka sambamba. Dari ipo, sakafu ipo, sini moja hata maikrofoni inaning'inia! Ni mbili tu za dhoruba zilizokatwa ubavu.

bi_fremu_nzima
Basi 2.39 kote. Hizo mbili ziache 4:3 nzima katikati, kimo sawa na nyengine, weusi kushoto na kulia. Usizivute zijae, nyuso zitapanuka.

pwani_wete
Sawa dada. Naanza na ile ya maikrofoni.