Rifandi ya tiketi ya ndege mpaka tushtakiane Uingereza?? Na wakala wa hapa hapa mjini katuuza kwa vocha

Asalaam alaykum jamani. Mie si mtu wa kufungua nyuzi, huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka zangu. Lakini leo nna donge limenikaa rohoni na nisipolitema ntaumwa.

Kisa chenyewe hichi. Mdogo wetu wa kike alikuwa anaozwa mfunguo pili, Ijumaa baada ya laasiri, msikiti wa mtaani kwetu Mwanakwerekwe. Baba keshatangulia, Mungu amrehemu, na mtoto wa kiume nyumbani tunaye mmoja tu, anasoma Leicester huko Uingereza, kwa hiyo walii wa kumuozesha ni yeye, hakuna mwengine wa karibu zaidi. Nkapokea mchezo wangu, nkaongeza na vilokuwepo, nkamkatia tiketi ya kuja na kurudi, kutoka Heathrow mpaka hapa uwanja wa ndege wa Kiembesamaki, Zanzibar, kwa kuunganisha njiani, pauni 840. Kwa hesabu ya siku ile ilikuwa milioni mbili na laki saba na ushee, nkalipa taslimu noti kwa noti kwa wakala mmoja Mlandege. Simtaji, na kampuni ya ndege siitaji pia, msinipeleke kwengine.

Safari Jumanne usiku. Jumapili inamuingilia imeili, ndege yako imefutwa kwa sababu za kiutendaji, samahani kwa usumbufu, tumekuhamishia Jumatatu ya wiki inayofuata. Jumatatu! Nikaha Ijumaa, yeye aje Jumatatu kufanya nini, kuosha masufuria? Akawapigia, akasikilizishwa mziki karibu saa nzima, mwisho wakamwambia basi chagua kurudishiwa pesa, akachagua, wakamwambia siku 7. Siku saba hizo zishikeni ntazirejea.

Tiketi za siku ile ile zilikuwa bei za kutukanana, ilopatikana ya kukopea ikamfikisha Jumamosi. Ijumaa ile akampa amu uwakala wa kumuozesha kwa simu, spika imewekwa mbele ya sheikh, mtandao unakatika katika, "umesikia? umesikia?", mama kule ndani kwa wanawake analia na hamna anojua analilia furaha au analilia nini. Hilo pesa hairudishi, najua.

Haya. Siku 7 zikapita, zikapita 30. Kampuni inamwambia kaka umenunua kwa wakala, pesa zako ziko kwa wakala. Nakwenda kwa wakala, dada pesa haijarudi, sistimu yao inachelewa, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo nakwenda, nakuta kijana mwengine, ule alonihudumia kenda Dar. Nimepanda daladala kwenda Mlandege mpaka makonda wananijua. Mwezi wa tatu huo nimekaa pale kwenye kiti chao cha plastiki nimekataa kuondoka, ndo kijana anafungua kompyuta ananiambia kwa sauti ya upole kabisa, dada mbona nyie mambo yenu yameshakwisha zamani, mlishachukuliwa vocha.

Vocha?!

Ati kampuni iliwatumia mawakala ujumbe, ukibonyeza hapa mteja anapata vocha ya mwaka mmoja, wao wakabonyeza. Hawajaniuliza mie nlolipa wala hawajamuuliza alokuwa asafiri. "Tuliona tukusaidieni isije ikapotea." Wallahi nliondoka pale kwa sababu nlijua nikibaki ntamrushia ile stepla.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo penye faida, hata mwenye haraka asiruke. Kaka akaenda kuuliza kwenye kituo cha ushauri cha wanafunzi skuli kwao, chuo yaani, wakamuonyesha kwamba Uingereza kuna sheria wanaiita UK261, asili yake ni kanuni ya Ulaya ya mwaka 2004, walipotoka Umoja wa Ulaya wakabaki nayo. Inasema ndege ikifutwa, kampuni inayorusha ndege ndo inayorudisha pesa, ndani ya siku 7. Haisemi wakala. Na vocha hawawezi kukupa mpaka abiria mwenyewe akubali kwa saini yake. Saini ya abiria! Si kijana wa Mlandege na mausi yake. Na juu ya hapo, wakikufutia na zimebaki chini ya siku 14 kuna fidia, kwa masafa ya zaidi ya kilomita 3,500 ni pauni 520 kwa kichwa, isipokuwa wathibitishe lilitokea jambo lisilo la kawaida ambalo wasingeliweza kulizuia. Na ndege kuharibika kwa kawaida haihesabiwi kuwa jambo hilo, mahakama ya rufaa kule ilishaamua tokea 2014, kesi ya Huzar. "Sababu za kiutendaji" ndo kabisa, hiyo ni sawa na mie nikwambie sikukulipa kwa sababu za kimaisha.

Kwa hiyo 840 na 520, jumla 1,360. Akawaandikia barua ya kuwaonya, siku 14 mlipe au nawashtaki. Kimya. Siku ya 15 kaingia onlaini kwenye tovuti ya serikali yao, kajaza fomu, kalipa ada pauni 80, basi, keshaishtaki kampuni ya ndege huku kakaa kitandani anakula ugali. Hawana jengo maalum linaitwa mahakama ya madai madogo, ni mahakama ya kaunti hizi hizi ila madai ya pesa mpaka pauni 10,000 yana njia yake nyepesi, unajisemea mwenyewe bila wakili, na hata ukishindwa kwa kawaida hubebeshwi gharama za mawakili wao. Hichi ndo kitu kilonitoa hofu, maana mie nlishaona tunauza kiwanja cha Fuoni.

Kwenye fomu kuna pahala pa kudai riba asilimia 8 kwa mwaka. Kaka kanipigia usiku, dada tutie? Nkamwambia usitie hata senti, tumepigwa vya kutosha tusije tukaongeza na moto. Amu akasema ile si riba ni adhabu, shemeji akasema riba ni riba, ikawa mjadala wa wiki nzima kwenye grupu la familia, kampuni ya ndege imesahauliwa. Hatukutia.

Wana siku 14 za kujibu, wakijaza tu kwamba wamepokea wanapewa mpaka 28. Wakajibu siku ya 28, jioni. Na majibu yenyewe sasa, ukurasa wa kwanza anasema hatudaiwi sisi anadaiwa wakala, ukurasa wa pili anasema tumeshalipa kwa vocha. Sasa kama hudaiwi umelipa nini weye? Na mwisho kachomeka hali ya hewa, ambayo siku ile imeili haikuitaja hata kwa bahati mbaya. Kaka kaenda kutafuta, ndege za kampuni nyengine zote usiku ule zimeruka Heathrow kama kawaida. Kapiga skrinshoti kaweka.

Kabla ya kufika kwa jaji siku hizi wanakulazimisha usuluhishi kwanza, tokea Mei 2024, ni bure, kwa simu, saa moja. Hamuongei nyote pamoja, msuluhishi anampigia huyu, anampigia yule, anarudi kwa huyu, kama mshenga. Hiyo ilikuwa wiki ilopita. Kampuni ikatoa ofa: 840 na tumalizane, fidia hamna, na ada ya mahakama ujilipie. Kaka alikuwa keshachoka, ana mitihani, ana deni la ile tiketi ya pili, kanitumia meseji "dada nikubali?" na mie nipo foleni ya samaki Darajani. Nlimjibu neno moja nalo siliandiki hapa. Hakukubali. Sasa inasubiriwa tarehe ya kusikilizwa.

Na nyie mnaosema samehe, subira, Mungu atalipa, kwani mie nani kanambia Mungu halipi? Lakini hawa watu wanaishi kwa kuchoka kwetu. Wanajua katika watu mia watakaofutiwa ndege, wengi watachukua vocha, na vocha wengi wataisahau mpaka ife. Hesabu wameshaipiga kabla hata hujaanza kulia.

Ila kinachoniuma zaidi ni hichi. Ile sheria inashika ndege zote zinazoondoka Uingereza, ya nani ya nani. Zinazokwenda Uingereza inashika za Waingereza na za Ulaya tu. Kampuni yetu hii si ya huko. Maana yake kaka angefutiwa safari ya kurudi, pale pale Kiembesamaki, kampuni ile ile, tiketi ile ile, ile pauni 520 isingekuwepo. Abiria yule yule! Akiwa Heathrow ana thamani, akishuka kwetu thamani inabaki huko huko. Upo Mkataba wa Montreal wa 1999 na Tanzania imo, lakini huo unahusu hasara ya kucheleweshwa, inakubidi uthibitishe umepoteza nini kwa risiti, na una miaka miwili tu. Risiti ya machozi ya mama natoa wapi? Na wasafiri wa Pemba ndo usiseme, watu wanakaa Chake kutwa nzima na mabegi, ndege haiji, wanaambiwa njooni kesho, wanarudi Wete kimya kimya kama walokosea wao.

Sasa naomba anojua anieleweshe, yule wakala namshika vipi hapa hapa? Nataka ile pesa ya huduma alonikata na nataka aseme nani alobonyeza. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mahakama ya wilaya, nianze wapi? Alowahi kufanya, si alosikia.

NYONGEZA: Wamelipa!! Tarehe ya kusikilizwa ilipotoka tu hazikupita siku kumi, imeili fupi haina hata samahani, "bila ya kukubali kosa", 1,360 na zile 80 za ada, zote zimeingia kwa kaka. Deni la tiketi ya pili kalilipa siku ile ile. Mama kauliza kama kuna riba ndani, tumemuonyesha hamna, kasema alhamdulillahi kaendelea na mchele wake.

NYONGEZA YA PILI: Nimekwenda Mlandege na karatasi zangu. Bosi mwenyewe yupo leo, kanikaribisha kiti, kaagiza na soda. Kanisikiliza mpaka mwisho, kaguna, kaangalia kompyuta, halafu ananiambia, dada hayo ya huko Ulaya sie hatuyajui, lakini ile vocha yenu bado iko hai mpaka mwezi wa tano, kama kuna mtu wenu wa safari tukusaidieni kuitumia.