Ndama anaharisha siku ya nne, nimemwanzishia asidi ya humiki. Niongeze dozi?

Mchungaji_Mpya: Wakuu heshima kwenu. Nina ndama jike wa wiki tatu, anaharisha tangu majuzi. Nilisoma kwamba asidi ya humiki, ile ya kwenye mboji ya kale, hutuliza tumbo la mnyama. Nampa vijiko viwili asubuhi na jioni. Kinyesi kimekuwa cheusi ila bado ni maji matupu. Niende vinne? Usingizi sina.

Kifaranga: Weusi ni rangi ya dawa yenyewe, usishtuke. Mimi niliwatilia kuku kwenye maji, banda zima likawa kama nimemwaga oili chafu. Mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Kwato4: Humiki si uganga. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliitaja kwa kuharisha na sumu za tumboni kwa farasi, wanyama wanaocheua, nguruwe na kuku: miligramu 500 hadi 2,000 kwa kilo ya uzito. Hunasa sumu humo humo utumboni, haiingii sana kwenye damu. Ila hiyo ni ya mifugo. Yako lebo inasemaje?

Mchungaji_Mpya: Ni ya maji, nyeusi. Swali langu ni dozi tu mkuu.

Mzee wa Zizi: Mnyama hasemi, ndiyo maana mnamjaribia kila kitu. Wewe ukiharisha siku nne utaulizia vijiko mtandaoni?

Kwato4: Lebo, mkuu.

Mchungaji_Mpya: Potasiamu humeti. Ya kunyunyizia majani ya mimea. Lakini asili si ni ile ile? Na siku ya kwanza alichangamka kabisa.

Kwato4: Acha leo hii! Mbolea hiyo huyeyushwa kwa alkali kali, na nyingine hutiwa virutubisho vya mimea ndani. Halafu ndama aliyekauka maji, potasiamu kwenye damu mara nyingi imeshapanda, na moyo ndio unaoumia. Wewe unamwongezea! Vuta ngozi ya shingo uone inarudi upesi au inabaki imesimama. Mtie kidole mdomoni, ananyonya?

Bila_Picha: Nyie mnahangaika na chai. Kichwa cha uzi "siku ya nne", ndani "majuzi". Ngojeni, sasa hivi anaingia mwenzake: "hata mimi ilinisaidia, njoo inbox".

Kifaranga: 😂😂 Kumbe duka hili.

Mchungaji_Mpya: Wallahi siuzi kitu. Kuharisha ni siku ya nne, dawa ndiyo nilianza majuzi. Nimechanganya kwa wasiwasi.

Bila_Picha: Picha ya ndama na chupa, basi yaishe.

Mzee wa Zizi: Na kama ni kweli? Mimi nilishapoteza watatu kwa kungoja kesho.

Mchungaji_Mpya: Nimetoka zizini. Ngozi imebaki imesimama kama hema. Kidole hanyonyi, na mdomo wa baridi. Nimkoroge maji ya chumvi na glukosi?

Kwato4: Ungemkorogea juzi. Asiyenyonya ukimmiminia yanaweza kuingia mapafuni. Huyo ni wa dripu. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, umtaje na umri wake, na chupa umwonyeshe. Usiifiche kama ulivyotuficha sisi.

Mchungaji_Mpya: Napiga.

Bila_Picha: Picha bado.