Vinka zangu zinakufa moja baada ya nyingine wakati wa masika

Mama wa Goba (Dar es Salaam)

Habari zenu, wapenda bustani wenzangu. Mwezi wa Novemba nilinunua miche kumi na minne ya vinka kwa muuza miche wa kando ya barabara, nusu ikiwa ya rangi ya waridi na nusu nyeupe yenye jicho jekundu katikati, nikaitoa kwenye viriba na kuipanda kwa mstari mmoja mbele ya baraza. Muuzaji aliniambia kwamba ua hili ni la kudumu, kwamba halina msimu, na kwamba mimi nitachoka kuliangalia kabla lenyewe halijachoka kuchanua. Hadi mwisho wa Februari niliona hakunidanganya, kwa maana hapakupita siku nisikute maua mapya.

Mambo yaligeuka mvua za masika zilipoanza. Mche unalala mzima, na asubuhi naukuta majani yamelegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto, ilhali udongo wake umelowa. Mwanzoni nilidhani ni kiu, nikamwomba kijana anayenisaidia awe anamwagilia kwa mpira kila jioni. Kisha duka moja la pembejeo likaniuzia dawa ya unga wa buluu ambayo nimeinyunyiza kwenye majani mara mbili bila kuona nafuu yoyote. Mpaka leo miche saba imekwisha kufa. Udongo wetu si wa asili, kwani tulipojenga tulijaza kifusi, juu yake tukamwaga udongo mwekundu ulioletwa kwa lori, nao ukikauka hushikana kama tofali.

Naomba kujua huu ni ugonjwa gani, kama naweza kupanda tena mahali palepale, na kama kweli vinka ni ya kudumu au nilisemeshwa maneno ya biashara.

Mzee wa Pongwe (Tanga)

Pole sana, mama. Kabla ya kununua dawa nyingine, chukua mche mmoja uliolegea, uung'oe polepole pamoja na udongo wake, kisha uushike mzizi kwa vidole viwili na kuuvuta. Mzizi mzima huwa mweupe na mgumu. Ukikuta ganda la nje linavuka kama soksi iliyolowa na kuacha uzi mwembamba ndani, na shina lina doa jeusi pale linapokutana na ardhi, basi mizizi imeoza, na huo ndio ugonjwa unaoziua vinka kuliko mwingine wowote. Kimelea chake huitwa Phytophthora, hukaa udongoni, na vijimbegu vyake huogelea katika maji, ndiyo maana husubiri mvua. Mche unanyauka kwa sababu hauna tena mizizi ya kunywea, hivyo kuuongezea maji ni kumpa maji mtu anayezama. Dawa uliyouziwa huenda ni ya shaba. Hiyo husaidia kuzuia madoa ya majani, lakini ukiinyunyiza juu haifiki chini kwenye tatizo.

Asili ya mmea huu ni Madagaska, na kwetu pwani utauona umejiotea wenyewe kwenye mchanga, kwenye nyufa za saruji na pembeni mwa makaburi ambako hakuna anayeumwagilia. Ukame wa wiki mbili hauutishi ukiwa umekwisha shika, lakini siku tatu za mizizi kukaa kwenye maji zinautosha.

Nina swali moja. Umesema mstari uko mbele ya baraza. Je, paa lako lina mfereji, au maji ya bati yanadondokea hapohapo?

Mama wa Goba (Dar es Salaam)

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma swali lako nikatoka nje kuangalia. Hatuna mfereji, na maji yote ya upande ule yamechimba kijifereji katikati ya maua yangu. Tena miche sita kati ya saba iliyobaki iko upande wa geti, ambako paa limeishia. Nimekaa miezi miwili naitazama bila kuliona hilo.

Nimeng'oa mmoja pia, na ganda la mzizi limebaki vidoleni mwangu.

Mkulima wa Kikambala (Kilifi)

Nakubaliana na Mzee wa Pongwe, ila naongeza jambo moja kwa faida ya wenzetu walio karibu na bahari, kwa sababu wengi huchanganya dalili mbili. Huku kwetu udongo unakaa juu ya mwamba wa matumbawe, una chokaa nyingi, na vinka hugeuka njano bila kuoza. Tofauti yake ni hii: majani machanga ya juu ndiyo yanayoanza kuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mche haulegei. Hapo mmea umekosa madini ya chuma, si kwa kuwa hayamo, bali kwa kuwa chokaa inayafunga. Mimi niliacha kupigana na ardhi yangu, nikajenga tuta juu yake kwa mboji na mchanga wa mto, na majani yaliyofuata yakatoka na rangi yake.

Kwa Mama wa Goba ushauri wangu ni uleule wa tuta, kwa sababu tofauti. Inua udongo sentimita thelathini hivi, changanya sehemu mbili za udongo wako mwekundu, moja ya mchanga wa mto na moja ya mboji iliyoiva, na upande wa juu wa tuta uuache na mwinamo kidogo ili mvua kubwa iteleze. Mche uupande kwa kimo kilekile uliokuwa nacho kwenye kiriba, usifukie shina. Matandazo ni mazuri wakati wa kiangazi, lakini yaache nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Samadi usiimwage kwa wingi, kwani vinka iliyoshiba sana hutoa majani mapana ya kupendeza na maua ya kuhesabika. Jua nalo liwe la saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini mmea hurefuka tu ukitafuta mwanga.

Pale palipokufa miche usipande tena vinka kwa sasa, kwa sababu kimelea bado kimo. Weka majimbi, ambayo hayasumbuliwi na maji na majani yake yana uzuri wake.

Mama wa Goba (Dar es Salaam)

Nashukuru sana. Swali langu la kudumu au kutodumu bado halijajibiwa. Pia kuna jirani yangu mpendwa ambaye huja kuchuma majani ya vinka nyeupe ili ayachemshe na kuyanywa kwa ajili ya kisukari. Nimeona aibu kumkatalia, lakini sina amani.

Mfamasia Mstaafu (Morogoro)

Naomba nijibu hilo la jirani, dada yangu, na nitajibu waziwazi: mkatalie. Mmea huu una utomvu wenye sumu, na habari yake yenyewe inaeleza kwa nini. Katika miaka ya 1950 majani yaliyokuwa yakinywewa kama chai ya kisukari huko Jamaika yalipelekwa Kanada, ambako Robert Noble na Charles Beer waliyachunguza wakitafuta dawa ya kushusha sukari. Walichokikuta ni kwamba dondoo la majani lilipunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazoukinga mwili. Kutokana na hilo ilipatikana vinblastini mwaka 1958, na baadaye vinkristini ikatokana na mmea huohuo; zote mbili hutumika mpaka leo kutibu saratani, mojawapo ikiwa saratani ya damu ya watoto. Hizo ni dawa zinazopimwa kwa miligramu na kutolewa hospitalini kwa uangalizi. Anayechemsha majani kwenye sufuria hajui amekunywa kiasi gani, na kama anatumia pia vidonge vya kisukari, hali inaweza kumgeukia ghafla. Mwambie arudi kliniki yake, na wewe unawe mikono baada ya kupogoa.

Mzee wa Pongwe (Tanga)

Marahaba, mama. Kuhusu kudumu, hukudanganywa, ingawa muuzaji alikuambia nusu. Kwenye joto letu vinka huishi miaka kadhaa, lakini kuanzia mwaka wa pili shina la chini hugeuka mti, hubaki na majani nchani tu, na maua hupungua. Dawa yake ni kisu. Mvua zikipungua, kata matawi hadi nusu ya kimo, na baada ya wiki chache yatachipua kutoka pembeni. Maua yaliyozeeka usihangaike kuyaondoa, hudondoka yenyewe.

Vilevile jiwekee akiba ya mbegu. Kila ua huacha vifuko viwili vyembamba vilivyosimama kama pembe. Vichume vinapoanza kuwa njano, kabla havijapasuka. Ndani utakuta mbegu nyeusi ndogo. Zihifadhi miezi michache, kisha uzifukie vizuri, kwa kuwa huota gizani, si kwenye mwanga.

Mkulima wa Kikambala (Kilifi)

Kwa hilo la mbegu mimi na Mzee tunatofautiana kidogo. Anayeipenda rangi fulani na achukue vipandikizi vya urefu wa kidole kutoka kwenye ncha zisizo na ua, aondoe majani ya chini, avichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Mbegu za vinka za kisasa mara nyingi hazifanani na mama yao.

Mama wa Goba (Dar es Salaam)

Nimefanya yote mawili, tuta na vipandikizi. Jumamosi tulijenga tuta upande wa geti, tukahamisha miche sita iliyosalia, na kijana ameupeleka mpira kwenye mapapai. Wa saba, ule uliokuwa kwenye njia ya maji, ulikuwa umeanza kulegea, nikakata ncha zake nne nyeupe na kuzichomeka kwenye kopo la mchanga. Tatu zimesimama. Fundi wa mfereji amesema atakuja Alhamisi, na jirani nimempa mchaichai.