Naombeni ushauri, ovaroli ya kuvulia isiyochemsha mwili

Wakuu habari za jioni. Mi niko Kigoma huku Ilagala, navua kambare na perege kwa ndoano pembezoni mwa Malagarasi, sasa shida yangu ni hii ovaroli ya mpira iliyoungana na buti, ile inayofika kifuani. Niliyonayo ni ya PVC, maji haiingizi kweli lakini ikifika saa nne asubuhi jua limeshapanda ndani nimelowa jasho chapachapa, na juzi imeanza kupasuka magotini na pale katikati ya mapaja panaposuguana. Kuingia peku sitaki tena, nishaugua kichocho mara mbili, nakijua.

Nasikia kuna zile za kitambaa zinazotoa jasho nje na maji hayaingii, za tabaka tatu mpaka nne, Simms na Patagonia wanatengeneza, ila bei yake jamani! Tena nyingi zinaishia na soksi, buti unanunua pembeni. Kwa matope na matete ya huku si mchanga utaingia kwenye buti uzitoboe hizo soksi?

Aliyezitumia kwenye joto kama letu anisaidie, tabaka ngapi zinatosha, mishono inadumu, na ikitoboka unaziba na gundi gani? Mkanda wa kiunoni najua ni lazima, ukiteleza maji yasijae ndani. Hata mtumba mzima nachukua, kama kuna mtu Dar au Mwanza anaagiza naomba aseme.