Pumu ya ngozi inaninyima usingizi, na msimu wa korosho ndio huu. Naombeni ushauri

BintiMikindani
Habarini wana jukwaa. Niko Mikindani, Mtwara. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, ile ambayo hospitali wanaandika ukurutu. Mchana nikiwa na shughuli navumilia, hata nasahau. Shida ni usiku. Nikishapanda kitandani tu ngozi inaamka: mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni. Najikuna nikiwa usingizini, asubuhi nakuta shuka ina madoa ya damu. Mume wangu anasema kulala na mimi ni kama kusafiri na basi bovu.

Nyumba yetu ni bati bila dari, joto linakaa ndani mpaka usiku wa manane. Na tangu korosho zianze kudondoka vidole navyo vimepasuka, maana kila mwisho wa wiki tunaenda kwa mama mkwe kuokota. Sitafuti dawa ya kuponya, nilishaambiwa huu ni wa kuishi nao. Nataka kulala.

Mzee wa Chuno
Pole binti. Nenda duka la dawa waambie wakupe ile krimu ya mchanganyiko, bei ya chai na chapati. Mimi naipaka kila siku, muwasho unatulia palepale.

Nesi Mstaafu
Mzee wa Chuno, na heshima zako, hiyo krimu usimgawie mtu. Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria, zote kwenye tyubu moja. Ukizipaka ovyo kwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, inachora michirizi, na ukiacha ghafla ugonjwa unarudi kwa hasira.

Binti, kabla sijasema lolote: hapo nyumbani kuna mwingine anayejikuna usiku? Katikati ya vidole, kwenye mikono karibu na kiganja, kiunoni, una vipele vidogo vidogo?

BintiMikindani
Shikamoo mama. Hapana, ni mimi tu. Mume na watoto wako salama. Vidole vimekauka na kupasuka, vipele hakuna.

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nimeuliza kwa sababu upele, ule ugonjwa wa kuambukizana wa vijidudu vya ngozini, nao unawasha zaidi usiku, na watu wanautibu kama pumu ya ngozi miaka nenda rudi.

Sasa usiku wako. Jioni mwili unapeleka joto kwenye ngozi, ngozi inapoteza maji zaidi, na homoni ya mwili inayotuliza uvimbe inashuka. Tena hakuna cha kukushughulisha, akili yote iko kwenye muwasho. Kwa hiyo usingoje mpaka umelala ndio uanze kupambana. Anza saa moja au mbili kabla.

Oga maji ya kawaida, yasiwe ya moto, usikae bafuni. Sabuni ya mche iache kwa ajili ya nguo, na hizo sabuni za dawa zenye harufu kali zinakukausha. Usijisugue kwa dodoki. Jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Usiyaonee huruma, kopo linatakiwa liishe haraka. Joto likiwa kali na mgando ukakutoa jasho, tumia krimu nyepesi ya kulainisha.

Dawa ya kupaka uliyoandikiwa na daktari inaenda kwenye sehemu zilizovimba tu, kwa siku ulizoambiwa. Iache kama nusu saa ndipo upake mafuta, usivichanganye kiganjani.

Mkulima Nanyamba
Mimi niseme la vidole. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, muulize yeyote aliyewahi kuchoma korosho uani. Mwenye ngozi ya pumu ndio kabisa. Vaa glavu, kutenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, kwa mikono mitupu mwachie mwenye ngozi ngumu. Na wakichoma maganda, kaa mbali na moshi. Embe ni ukoo mmoja na korosho, kwa hiyo utomvu wake pia uuangalie, msimu ndio huo. Mimi mwenyewe kinachonitesa ni salfa, tukianza kuipulizia mikorosho kuzuia ukungu wa ubwiriunga silali.

Mama Watatu, Lindi
Wa kwangu wa pili ana hiyo hiyo. Kilichotusaidia ni khanga kuukuu ya pamba. Namlainisha mafuta, nailowesha khanga maji ya kawaida, naikamua, namfunga kwenye miguu, juu namvika nguo kavu. Inapoza kweli. Kukiwa na usaha au majimaji ya njano sifungi, naenda zahanati. Kucha nazikata kila wiki. Shuka za poliesta nilizigawa. Na chandarua kipya kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia, kile chenye dawa kinamwasha kikiwa bado kibichi.

BintiMikindani
Asanteni sana. Mama nesi, vipi Piriton, ile dawa ya mzio? Jirani ananishauri nimeze kila usiku.

Nesi Mstaafu
Inakulaza kwa sababu inaleta usingizi, muwasho wenyewe wa pumu ya ngozi haiugusi sana. Siku mbili tatu mbaya, kwa ushauri wa mtoa dawa, sawa. Kila usiku hapana, utaamka mzito. Kama hulali kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ya Ligula hapo Mtwara ukaulizie kliniki ya ngozi. Matabibu wa ngozi wengi nchini wamepitia kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, kipo tangu 1992, huu ugonjwa wanaujua vizuri.

Ukiamka unawashwa, usikune. Bonyeza kwa kiganja au weka kitambaa cha maji baridi, kisha paka mafuta. Kopo likae pembeni ya kitanda.

Mzee wa Chuno
Nesi, nimesoma hapo juu. Mimi vipele viko kiunoni na katikati ya vidole. Na mama watoto naye ameanza, na wajukuu. Hii krimu si ndio ingetusaidia wote?

Nesi Mstaafu
Mzee wangu, huo unanuka upele, na steroidi inauficha tu huku mnaambukizana. Iweke chini hiyo tyubu. Nendeni zahanati nyote, hata asiyewashwa. Mkipewa dawa, pakeni wote usiku mmoja kuanzia shingoni mpaka nyayo, mkarudie kama mtakavyoelekezwa. Nguo na mashuka fueni kwa maji ya moto muanike juani. Zisizofulika fungeni kwenye mfuko siku tatu au zaidi.

Mzee wa Chuno
Wajukuu wamesharudi kwao Masasi juzi.

Nesi Mstaafu
Basi piga simu Masasi leo.