Kabla ya kusakinisha Odoo: seva ipi ifanye kazi gani?

Muulizaji, Mwanza
Ndugu wataalamu, salaam. Kampuni yetu inasambaza vipuri, ina ofisi kuu Mwanza na maghala Bukoba na Musoma, na sasa tunataka manunuzi, stoo na uhasibu viendeshwe kwa Odoo, programu ya kuendesha shughuli za biashara. Watumiaji ni 40, na tuna mashine mbili zenye prosesa za kori 4. Mkuu wangu anataka programu isakinishwe kwenye kila kompyuta, lakini mimi nina mashaka. Naomba mnisaidie kugawa majukumu kabla hatujagusa chochote.

Jibu la kwanza
Mashaka yako ni ya haki, ndugu. Kompyuta ya mtumiaji inahitaji kivinjari tu. Mashine ya kwanza ibebe Odoo, ya pili ibebe hifadhidata ya PostgreSQL, na poti 5432, yaani mlango ambao PostgreSQL hupokelea maombi, ifunguliwe kwa mashine ya kwanza peke yake, kwa kuwa hakuna karani mwenye sababu ya kuifikia hifadhidata moja kwa moja. Tumieni Linux, maana kwenye Windows Odoo haiendeshi michakato mingi sambamba. Mchakato mmoja hukadiriwa kuhudumia watu 6 kwa wakati mmoja, hivyo watu 40 wanahitaji michakato 7, pamoja na mmoja wa kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba. Kikomo cha kori 4 ni 9, yaani kori mara mbili jumlisha moja. Mashine itatosha, ila hakuna nafasi kubwa ya kukua.

Jibu la pili
Naafiki, lakini kuna jambo lililotuumiza sisi. Viambatisho, kama ankara zilizoskaniwa, kwa kawaida havikai ndani ya hifadhidata, bali kwenye folda ya mashine inayoendesha Odoo. Diski ilipokufa tulirejesha hifadhidata, orodha ya ankara ikaonekana yote, lakini kila mhasibu alipobofya ankara hakukuwa na faili. Ukitenganisha mashine, nakala rudufu zichukuliwe kutoka zote mbili, kwa saa ileile, na zihifadhiwe kwenye mashine ya tatu.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Folda hiyo sikuwa nimeiweka kwenye mpango wangu kabisa. Nitaomba mashine ya tatu, na nitajaribu kurejesha nakala nzima, ankara zikiwemo, kabla sijamfungulia akaunti mtunza stoo wa Musoma.